Mdudu wa Kidole na Maradhi Mengine ya Pembeni mwa Kucha



Katika toleo hili tulikusudia kuandika habari za kuanika karafuu wakati wa mvua, lakini habari hiyo tumeiweka kando mpaka toleo lijalo. Iko habari nyingine imetukaa moyoni tangu msimu uliopita, nayo twaona haifai kungoja. Ni habari ya kidole.

Mchumaji mmoja, kijana wa miaka ishirini na ushei, alikuja kwetu siku ya mizani hali amefunga kidole chake cha shahada kwa kipande cha kanga. Akatwambia kidole chapwita, na usiku wa jana hakulala hata lepe. Sisi tulikuwa na watu tele mbele yetu, magunia yamepangwa mpaka mlangoni. Tukakitazama kidole kwa juu juu tu, tukamwambia, "Huo mdudu, bwana mdogo, utatumbuka wenyewe. Subiri tumalize kupima, ulipwe haki yako, kisha uende hospitali." Kijana akatii, maana alituona sisi ni watu wazima tena tumesoma. Alingoja siku ile na ya pili yake, na ya tatu akapanda mkarafuu kwa mkono mmoja na nusu. Siku ya tano ndugu zake walimpeleka hospitali hali mkono umevimba mpaka karibu na kiwiko, na homa imemshika. Daktari alimpasua, akakuta mfupa wa ncha ya kidole umekwisha kuoza. Pingili ile ya mwisho ikakatwa.

Alhamdulillahi, yu mzima, na msimu ujao anataka kupanda tena. Lakini kuchambua hawezi kama zamani, na kila anapotusalimu kwa mkono ule sisi twakumbuka nani aliyemwambia asubiri. Kwa hiyo tumekwenda kuuliza kwa waganga wa hospitali na kusoma tulichoweza kusoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza jina. Sisi huku twasema "mdudu wa kidole" au "mdudu" tu, na wako wanaosema "kaka". Waarabu huuita dahis, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliutaja katika kitabu chake cha utabibu, Al-Qanun. Basi si maradhi mapya. Lakini jina hilo la mdudu limewapoteza wengi, maana mtu hudhani kuna kijidudu kama funza kinachotambaa ndani ya nyama, na kwamba kazi ni kukitoa au kukiua kwa moto. Hapana kitu kama hicho. Kilichomo ni vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, bakteria, na vingi katika hivyo ni vile ambavyo daktari wa Scotland, Alexander Ogston, alivigundua ndani ya usaha katika miaka ya 1880 akaviita stafilokoka. Vijidudu hivi vinakaa juu ya ngozi na puani mwa watu wengi wazima bila ya kuwadhuru. Madhara huja vinapopata mlango.

Na mlango wenyewe uko wapi? Tazameni kucha zenu. Pale ukucha unapoota pana ngozi nyembamba iliyoshikana nao kabisa, kama lakiri juu ya barua. Lakiri hiyo ikibanduka, maji na uchafu na vijidudu hupita chini yake. Hubanduka kwa mambo madogo sana: kijingozi cha kando ya ukucha kilichonyanyuka ukakivuta kwa meno, kibanzi cha mti, mwiba, ukucha uliokatwa mpaka nyamani, au mtoto mwenye tabia ya kutafuna kucha na kunyonya kidole.

Sasa fikirini kazi yetu sisi. Mchumaji hushika matawi tangu alfajiri mpaka adhuhuri, na magome yanamparura. Jioni watu wote wa nyumba, wakubwa kwa wadogo, hukaa juu ya jamvi kuchambua. Kila kishada husuguliwa kwa kidole gumba, karafuu huku, makonyo kule, mara elfu na zaidi kwa usiku mmoja. Maji ya karafuu mbichi ni makali, yaichoma ngozi na kuikausha mpaka inapasuka. Asubuhi kidole cheusi kama kimepakwa wino, na chini ya weusi ule hapana anayeona kama ngozi imekuwa nyekundu. Hina nayo ni vivyo hivyo. Bibi mmoja alituonyesha vidole vyake vizuri vilivyopakwa hina ya harusi, na tusingejua kuwa kimojawapo kinatunga usaha lau hatukumgusa akaruka.

Aghalabu maumivu huanza siku mbili mpaka tano baada ya jeraha lile dogo, na mtu huwa amekwisha kusahau kama alijiumiza. Ngozi ya upande mmoja wa ukucha hujaa, huwa nyekundu na ya moto, na ukiigusa yauma. Huu ndio wakati wa kujitibu nyumbani, na dawa yake haina gharama: maji ya moto, lakini moto wa kuvumilika, kama yale anayoogeshwa mtoto mchanga. Yajaribuni kwa kiwiko kwanza. Tia kidole ndani ya bakuli kwa dakika 15 hivi, mara tatu au nne kwa siku, na kila unapokitoa kikaushe vizuri kwa kitambaa safi. Chumvi ukitaka tia, usipotaka acha. Kazi kubwa inafanywa na ule uvuguvugu, unaoleta damu mahali pale, na damu ndiyo jeshi la mwili. Baina ya kukanda na kukanda kidole kikae kikavu, kimefunikwa kitambaa safi kisichobana. Wakati wa kulala weka mkono juu ya mto, usiachwe kuning'inia, utaona kupwita kunapungua. Paracetamol ya madukani yatosha kwa maumivu. Na kuchambua kuachwe! Hili ndilo gumu kuliko yote, twajua, kwa kuwa pishi hazijichambui. Lakini siku mbili za kupumzika ni rahisi kuliko miezi miwili.

Kwa watu wengi mambo huishia hapo. Siku ya pili au ya tatu uvimbe umepungua, na kidole kinawasha tu. Lakini ikiwa siku mbili zimepita na maumivu yanazidi, yafaa kutazama kama usaha umekwisha kutunga. Mganga mmoja alitufundisha njia nyepesi: bonyeza polepole ncha ya kidole kwa upande wa chini, ule wa alama za dole gumba, huku ukiitazama ngozi ya kando ya ukucha. Pakitokea baka jeupe au la manjano pale penye uvimbe, usaha upo. Usaha ukishakuwapo, maji ya moto peke yake hayatoshi, na vidonge peke yake pia havitoshi. Unataka kutolewa.

Kutolewa na nani? Hapa ndipo tunapogombana na wazee wetu. Kila mtaa una mtu wake hodari wa kutumbua, ana sindano yake ya kushonea au mwiba wa mlimau, huupitisha juu ya kibatari na kazi imekwisha. Sisi hatusemi kwamba wote waliotumbuliwa namna hiyo waliangamia. Walakini sindano ile huingia kwa kubahatisha, huusukuma usaha ndani badala ya kuutoa nje, na kesho hutumiwa kwa mtu mwingine. Katika kituo cha afya kazi hii ni ya dakika chache. Hutia dawa ya ganzi ikihitajika, kisha kwa chombo kilichochemshwa hunyanyua tu ile ngozi iliyolala juu ya ukucha, na usaha hutoka. Mara nyingi hata hawapasui nyama. Maumivu yale ya kupwita huondoka palepale, na mtu ambaye mwili wake hauna maradhi mengine mara nyingi hata vidonge hahitaji baadaye, isipokuwa kuendelea kukanda kwa siku mbili tatu.

Maana jambo la vidonge nalo lataka kusemwa. Imekuwa desturi mtu akiumwa na kidole akaingia dukani, akanunua vidonge vinne vya antibiotiki, rangi mbili, akameza viwili na viwili akampa mkewe mwenye kikohozi. Hii ni khasara mara tatu. Fedha imekwenda, usaha ungali mle mle, na vijidudu vilivyosalia hujifunza kuizoea dawa, hata siku itakapotakiwa kwa ugonjwa mkubwa isifae kitu. Dawa hizi zina mahali pake: wekundu unapoenea, homa inapokuja, au mgonjwa ana kisukari au upungufu wa kinga ya mwili. Mwenye kuamua dawa gani na siku ngapi ni daktari, na akisema siku saba zisiwe tatu.

Sasa tuje kwenye ule uliomla kidole kijana wetu, nao si ule wa kando ya ukucha. Ni ndugu yake mkali zaidi, anayeingia katika nyama ya ncha ya kidole, ile sehemu iliyonona tunayobonyezea. Mtu hudungwa na kibanzi au mwiba pale, na baada ya siku chache ncha nzima hujaa, huwa ngumu kama punje ya komamanga, na hupwita kwa kufuata mapigo ya moyo hata mtu akatembea usiku kucha. Sababu ya ukali wake ni hii: nyama ile ya ncha haikuumbwa kama nyama nyingine, bali imegawanywa vyumba vyumba kwa nyuzi ngumu zinazoshika ngozi na mfupa. Usaha ukitunga ndani ya vyumba hivyo hauna pa kutanukia. Basi hubana mishipa ya damu, na mfupa wa ncha ukikosa damu hufa. Hautumbuki wenyewe, na wala usingojewe uive kama jipu la mgongoni. Tulipomwambia kijana "utatumbuka wenyewe" tulisema tusichokijua. Huyu ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo apasuliwe na mwenye kujua, kwani hata mahali pa kupasua kuna mishipa ya kuogopewa.

Na yuko wa tatu, hatari kuliko wote wawili. Kamba zinazokunja vidole hupita ndani ya ala, kama panga katika ala yake. Usaha ukiingia ndani ya ala hiyo hukimbia kutoka ncha mpaka kiganjani. Utamjua kwa dalili hizi: kidole kizima kimevimba kama ndizi ndogo, mgonjwa amekikunja kidogo wala hataki kukinyosha, ukikinyosha wewe hata kidogo analia, na maumivu yapo urefu wote wa kidole upande wa kiganja. Hapa hatuhesabu siku, twahesabu saa. Ikiwa ni usiku, gari itafutwe usiku. Hospitali tunazo Chake Chake, Wete, Mkoani na Micheweni, na hapana kijiji cha kisiwa chetu kilicho mbali nazo kiasi cha kumfanya mtu angoje kukuche.

Vilevile msistari mwekundu unaopanda mkononi kutoka kwenye kidole, tezi iliyovimba kwapani au, kwa mguu, mtoki wa kinena, pamoja na homa na kutetemeka, hizo ni dalili kwamba sumu imekwisha kutoka mahali pake. Msiziangalie mpaka asubuhi.

Tumekwisha kusema msipasue wenyewe. Iko sababu nyingine moja, nayo yahusu watoto hasa. Mtoto mwenye vidonda vya mdomoni, mnyonyaji wa kidole, hutokwa na malengelenge madogo madogo karibu na ukucha, yamekusanyika pamoja, yana maji maangavu si usaha, na yauma sana au huchoma kama moto. Huu hauletwi na bakteria, waletwa na virusi, wale wale wa malengelenge ya mdomo. Ukiyapasua huponyi kitu, bali huufungulia mlango ugonjwa mwingine na kuwapaka wenzake nyumbani. Hupoa wenyewe kwa wiki mbili au tatu. Funikeni kidole, mtoto asijisugue macho, na aonyeshwe kwa daktari.

Labda mwanachama atauliza: na sisi wenye karafuu, je, mafuta yetu si dawa? Swali hili tumeulizwa mara nyingi, tena kwa fahari, na mwenye kuuliza ana haki. Mafuta yanayokamuliwa katika makonyo, kama yanayofanywa katika kiwanda cha Wawi, ndani yake mna kitu kiitwacho eujeno, na madaktari wa meno ulimwenguni wamekitumia miaka mingi kutuliza jino. Ni kweli pia kwamba huua vijidudu. Lakini mafuta yale yakiwa matupu, bila ya kuchanganywa, ni makali kiasi cha kuunguza nyama iliyo wazi, na wako watu ambao ngozi zao huyakataa zikatoka vipele. Kidole kilichokwisha kuvimba ukikitia mafuta ya karafuu, utasikia ganzi kidogo ukadhani umepona, kumbe chini ya ganzi usaha waendelea na safari yake. Mafuta ya karafuu ni ya kuuza na ya jino. Kidole kiachieni maji ya moto.

Wako wanaokivika kidole ndimu iliyotobolewa. Ndimu ikiwa mbichi na ngozi haijapasuka haidhuru sana, ila itawasha. Wala hatujaona inakofaa zaidi ya maji. Mafuta ya taa na majivu ya jikoni hayana maana. Lakini kinyesi cha ng'ombe, ambacho tumeambiwa bado kinatumika katika baadhi ya mashamba, tunawasihi kwa jina la Mwenyezi Mungu mkiache. Ndani ya udongo na samadi ndimo yanamokaa mayai ya pepopunda, nayo huingia katika kidonda kidogo kabisa. Pepopunda si mchezo. Mgonjwa wake hukaza taya asiweze kula, na wengi hawarudi. Kinga yake ni sindano. Mama zetu hudungwa wanapokuwa wajawazito, na watoto huchanjwa, lakini mwanamume mzima wa shamba, aliyechanjwa utotoni kama alichanjwa, hana habari nayo tena. Sindano ya kukumbushia yatakiwa kila miaka 10, na mwenye jeraha chafu ambaye sindano yake ya mwisho imepita miaka 5 adungwe tena. Mkienda na kidole, ulizeni na hiyo.

Kuna mdudu mwingine wa kucha ambaye hana haraka. Humshika zaidi mwanamke, na mpishi, na muuza samaki, na wakulima wa mwani, kila ambaye mikono yake haikauki. Kile kingozi cha lakiri hupotea kabisa, ngozi ya nyuma ya ukucha huwa nene na laini, imevimba kidogo, haiumi sana, na ukucha wenyewe hutoka na mawimbi mawimbi. Huenda wiki sita, huenda mwaka. Zamani ilidhaniwa kuwa yote haya ni ukungu, watu wakapaka dawa za ukungu bila ya mafanikio. Sasa madaktari wanasema asili yake hasa ni ngozi iliyochoshwa na maji na sabuni, na ukungu huja baadaye kama mgeni asiyealikwa. Basi hata dawa ya daktari, ambayo aghalabu ni ya kupaka ya kutuliza ngozi, haitafaa ikiwa mikono ingali majini. Glavu za mpira za kufulia, na ndani yake glavu za pamba ili jasho lisikae, ndizo dawa. Sisi wanaume tunaosoma habari hii tunaweza pia kufua nguo zetu wenyewe kwa mwezi mmoja. Hatujasikia kwamba kuna aliyekufa kwa hilo.

Kwa upande wa miguu tutasema kwa ufupi, ingawa mambo ni mengi. Kidole gumba cha mguu hupata ugonjwa wa ukucha kuota ndani ya nyama, khasa kwa vijana wanaovaa viatu vya kubana na kukata kucha kwa kuziviringisha pembeni. Kucha za miguu zikatwe sawasawa kwa kunyooka, pembe zake zionekane. Ukucha ukianza kuingia, kandeni kwa maji ya moto kama tulivyoeleza, kisha kipande kidogo cha pamba kiwekwe chini ya ile pembe ili kuinyanyua, na kibadilishwe kila siku. Ukishatoa usaha, au nyama nyekundu ikiota juu ya ukucha, ni kazi ya hospitali.

Funza nao hupenda pembeni mwa kucha za miguu. Mgeni huyu hakuwako zamani kwetu. Asili yake ni Marekani ya Kusini, akaletwa na meli pwani ya Angola mwaka 1872, akavuka bara pamoja na misafara na kufika pwani yetu kabla karne ya 19 haijamalizika. Jike hujichimbia ngozini na kuvimba mpaka kiasi cha punje ya choroko na zaidi. Akitolewa kwa pini moja ya nyumba nzima, mlango huachwa wazi kwa usaha na pepopunda. Viatu, na sakafu ya udongo iliyonyunyizwa maji na kufagiwa, ndiyo kinga.

Ama ukucha uliokuwa mnene, wa manjano, unaomeguka kama biskuti, huo ni ukungu. Hauui, wala si wa kukimbizana. Dawa yake ya kumeza ipo, huchukua wiki 6 kwa mikono na wiki 12 kwa miguu, nayo huangaliwa na daktari kwa sababu ya ini. Msikate tamaa mkiona ukucha haubadiliki upesi. Ukucha wa mkono huchukua kama miezi 6 kuota mzima, na wa kidole gumba cha mguu hufika mwaka mmoja na nusu.

Lakini mwenye kisukari asiyafuate haya yetu ya miguu. Mwenye kisukari mara nyingi miguu yake imekufa ganzi, hajui maji ni ya moto au baridi, na tumesikia habari za mzee aliyejibabua huku akizungumza na wageni. Asiloweke mguu, asikate ukucha ulioingia nyamani, asitoe funza mwenyewe. Kila jioni aitazame miguu yake, au amwombe mjukuu amtazamie, na akiona wekundu au jeraha, hata la kiasi cha nukta, aende hospitali kesho yake asubuhi.

Jambo la udhu limetusumbua pia, kwa kuwa mtu hufungwa kidole na mganga asubuhi na adhuhuri huifungua bendeji ili atawadhe, akakilowesha mara tano kwa siku. Dini yetu si ya mashaka. Katika madhehebu yetu ya Shafi iko njia, ya kuosha palipo pazima, kupaka maji juu ya kilichofungwa, na kutayamamu. Waulizeni masheikh wa misikiti yenu wawafahamishe utaratibu wake, wala msizifungue bendeji. Na kucha kuzikata ni katika suna, na mwisho wake uliowekwa ni siku arubaini. Lakini kwa wachambuaji siku arubaini ni nyingi mno wakati wa msimu. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini yatosha, kwa mkasi safi, na vijingozi vya pembeni vikatwe kwa mkasi huo huo, visivutwe kwa meno.

Kamati ilikaa na kuzungumza habari ya kijana yule, na sisi tulisema mbele ya kamati kile tulichokisema hapa. Wako walioona kwamba makosa si yetu, kwani kijana alikuwa na miguu yake. Wako walioona vingine. Mwisho walikubaliana mambo mawili, nayo yataanza msimu huu. La kwanza, penye mizani patawekwa sabuni na ndoo ya maji yenye bomba, pamoja na sanduku la bendeji, mkasi wa kucha na dawa ya kusafishia vidonda. Ufunguo atakaa nao karani wa mizani, na vitu hivyo vitumike hapo hapo. La pili, mchumaji au mchambuaji atakayekuja na kidole kinachopwita atapimiwa mbele ya wote na kulipwa palepale, hata kama foleni imefika barabarani, na wala asiulizwe kama anaweza kusubiri. Wenye magunia makubwa tunawaomba radhi mapema.

Kijana mwenyewe tulimsomea makala haya kabla ya kuyapeleka kupigwa chapa, tukamuuliza kama ana la kuongeza. Akasema tuandike kwamba siku ile ya kwanza, kabla ya kuja kwetu, mama yake alikwisha kumwambia aende hospitali.